Keringet: Ghasia za uchaguzi katika sayansi ya jamii

Keringet ni mji mdogo wa Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, kwenye nyanda za baridi kando ya msitu wa Mau. Kuresoi huwapa wanasayansi wa jamii swali gumu: kwa nini majirani wanaosaidiana kupakia magunia ya viazi wafukuzane kura ikikaribia? Jibu jepesi, chuki ya kikabila, halitoshi. Makabila yapo miaka yote, ilhali ghasia za Bonde la Ufa ziliandamana na chaguzi za 1992, 1997 na 2007. Tume za majaji Akiwumi na Waki zilizochunguza ghasia hizo, ya pili ikitoa ripoti mwaka 2008, ziliwanyooshea kidole wanasiasa na kutaja malalamiko ya ardhi, mengi yakitokana na ugawaji wa mashamba ya walowezi baada ya uhuru. Ushahidi wenye uzito zaidi, pengine, ni uchaguzi wa 2013: wanasiasa Uhuru Kenyatta na William Ruto walipoungana, wafuasi wao Wakikuyu na Wakalenjin hawakupigana, ingawa migogoro ya mashamba ilikuwa bado haijatatuliwa.