Mbunge Aliyechaguliwa Mara Tatu Kabla ya Kuapa

Tarehe 10 Januari 1966, wabunge wapya wa jimbo la Georgia walisimama mjini Atlanta kula kiapo. Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25, aliambiwa akae kando. Siku hiyohiyo kura zikapigwa: 184 zilimkataa, 12 tu zilimtetea.

Kosa lake lilikuwa maneno. Siku nne kabla, SNCC, jumuiya ya vijana waliopigania haki za weusi Kusini mwa Marekani, ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Bond alikuwa msemaji wake. Waandishi wa habari walipomuuliza, hakuruka kimanga. Alisema anakubaliana nalo, na kwamba anauheshimu ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini, ingawa yake hajaichoma.

Bunge hilo lilishawahi kufanya makubwa zaidi. Mwaka 1868 liliwatimua wabunge weusi, Henry McNeal Turner miongoni mwao, kwa hoja kwamba katiba iliwaruhusu kupiga kura, si kushika madaraka. Walirudishwa 1870 kwa nguvu ya serikali ya shirikisho, lakini baada ya 1907 hakubaki hata mmoja, mpaka Leroy Johnson alipochaguliwa kuingia Seneti ya jimbo mwaka 1962. Kilichofungua njia ni mahakama kuamuru mipaka ya uchaguzi ifuate idadi ya watu. Kabla ya hapo kaunti za mashambani ziliipiku Atlanta kwa viti. Bond alishinda kimojawapo cha viti vipya vilivyotokana na amri hiyo mwaka 1965.

Wapiga kura wake hawakutetereka. Februari 1966, katika uchaguzi mdogo, walimrudisha, akakataliwa tena. Novemba wakamrudisha mara ya tatu. Mahakama ya chini ilikwisha kuliunga mkono Bunge, majaji wawili dhidi ya mmoja, lakini tarehe 5 Desemba Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo haliwezi kumbana mbunge katika usemi wake kuliko linavyoweza kumbana raia wa kawaida. Januari 1967 Bond akaapa.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapompunja. Alibaki miaka 20: katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha Seneti hadi 1987. Kikao cha Georgia ni cha siku 40 tu kwa mwaka, hivyo mbunge hana budi kuwa na riziki nyingine. Yeye alizunguka vyuoni akihutubia. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, alipendekezwa awe mgombea wa umakamu wa rais. Alijitoa: alikuwa na miaka 28, na katiba inataka 35.

Kwangu, kazi yake nzito ni ile ya ramani za uchaguzi. Mwaka 1981 alipigania eneo la Atlanta lenye weusi wengi kwa ajili ya uchaguzi wa Congress, bunge la taifa. Bunge la Georgia likapitisha ramani nyingine. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikaikataa kwa sababu ya ubaguzi, na eneo la 5 likachorwa upya, weusi wakiwa karibu asilimia 65. Kiti hicho kilipobaki wazi mwaka 1986, Bond alikigombea na kuongoza duru ya kwanza kwa asilimia 47. Katika duru ya pili alishindwa na rafiki yake wa siku za SNCC, John Lewis, aliyekishikilia hadi alipofariki mwaka 2020.