Riwaya ya Bahari na Mto Wetu wa Rusizi

Wanafunzi wetu wa Kamembe hutuuliza: "Mwalimu, mbona vitabu vya Kiswahili vimejaa majahazi na pwani, nasi bahari hatujaiona?" Swali hili si la kupuuzwa, maana mwanafunzi asiyejibiwa hudhani Kiswahili ni mali ya wengine, wala yeye hana fungu ndani yake. Tumeona yafaa tulijibu kwa msaada wa riwaya moja.

Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor wa Kenya alitoa riwaya yake ya Kiingereza, The Dragonfly Sea. Humo msichana Ayaana wa kisiwa cha Pate apelekwa China kwa kuwa ahesabiwa kizazi cha mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo hapo zama za kale. Maji ndiyo yaunganishayo watu waliotengwa na karne sita.

Riwaya hii ina mizizi katika historia. Safari za Zheng He zilidumu toka 1405 hadi 1433, nazo zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 Mfalme wa China alipokea twiga kutoka Malindi. Mwaka 2013 sarafu ya zama hizo ilifukuliwa kisiwani Manda. Lakini sarafu hupita mikono mingi, nayo haithibitishi nasaba ya mtu. Mtunzi ana ruhusa ya kuunga palipokatika; mwalimu wa historia hana.

Je, yatupasa basi kuyatupa masimulizi ya wenyeji? Hata kidogo, na shahidi wetu ni Rusizi. Mto huu hutoka Ziwa Kivu, hapa penye mpaka wetu na Bukavu, ukateremka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira wakitaka kujua kama Rusizi waingia ziwani au watoka humo. Wenyeji waliwaambia kwamba waingia. Wakubwa wa Ulaya waliendelea kubishana hata Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakajionea wenyewe. Neno la wenyeji lilikuwa kweli tangu awali.

Maji ya Rusizi hupita Tanganyika, Lukuga na Lualaba, yakaishia Atlantiki kwa njia ya mto Kongo. Kiswahili kilifuata njia ya kinyume: kilitoka Bahari ya Hindi, kikapanda bara kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara, kisha kwa vinywa vya askari wa Wajerumani. Mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Hata hivyo tusiyasifu maji kupita kiasi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu kwa maelfu walivuka hapa kwenda Bukavu, na wako ambao hawakurudi. Mto uunganishao jamaa ndio huo huo uwatenganishao.

Walimu wenzetu, twashauri zoezi jepesi. Kila mwanafunzi amwulize mzee wa nyumbani kwake: ni nani wa ukoo wetu aliyevuka maji, lini, na kwa sababu gani? Aandike majibu kwa Kiswahili, akibainisha aliyeyaona mzee na aliyoyasikia tu. Akimaliza, hatauliza tena kama lugha hii ni yake.