Mti Kati ya Mawe

Leo tutazungumza habari za ukuta.

Huenda mmoja wenu atasema, "Ukuta! Ukuta una habari gani ya kutuambia asubuhi hii?" Subirini kidogo. Wengi wetu tumewahi kusimama karibu na fundi anayejenga nyumba ya mawe. Fundi hupanga kozi moja, hupanga na ya pili, kisha hulaza utepe mwembamba wa chuma juu ya mawe kabla ya kuendelea. Ukuta ukiisha kupigwa plasta, utepe ule hauonekani tena. Mwenye nyumba huusahau, na wageni hawajui kama upo. Lakini siku nchi itakapotikisika, au msingi utakaposhuka upande mmoja, utepe ule ndio utakaoyashika mawe yasiachane.

Kazi hiyo si mpya. Katika nchi zilizo mashariki ya Bahari ya Mediteranea, waashi waliifanya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ila badala ya chuma walitumia mti.

Tufungue kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 6, mstari wa 36. Hapo twaelezwa jinsi Sulemani alivyoujenga ua wa ndani wa hekalu: mawe yaliyochongwa, safu tatu, kisha boriti za mwerezi, safu moja. Sura ya 7, mstari wa 12, yasema hivyo hivyo juu ya ua mkubwa. Tena katika Ezra 6:4, Wayahudi walipopewa ruhusa kulijenga hekalu upya baada ya uhamisho, amri ya Koreshi mfalme wa Uajemi ilitaja mpango huo huo wa mawe na mti. Sisi wenyewe tulisoma mistari hiyo mara nyingi, tukadhani mwerezi ulikuwa pambo tu. Waliotufumbua macho ni wataalamu wanaochimbua mambo ya kale.

Mwaka 1928 mkulima mmoja katika pwani ya Syria alikuwa akilima shamba, plau yake ikagonga jiwe. Chini ya jiwe lile palikuwa na kaburi la kale. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude Schaeffer alianza kuchimba huko, na katika kilima kilicho karibu, kiitwacho Ras Shamra, ukafunuliwa mji wa Ugarit, ulioteketezwa kwa moto mwanzoni mwa karne ya 12 K.K. Jumba la mfalme lilikuwa limejengwa kwa mawe mazuri ya kuchongwa. Lakini ndani ya kuta mlikuwa na mapengo marefu, yaliyonyoka kama yamepimwa kwa kamba. Boriti zilikuwa zimelazwa hapo. Mti uliungua au ulioza, na nafasi yake ikabaki.

Katika mji wa Alalakh, kusini mwa Uturuki ya leo, Mwingereza Leonard Woolley alichimba kati ya mwaka 1937 na 1949, ingawa vita vilimkatiza kwa miaka kadhaa. Alikuta jumba la mfalme Yarim-Lim: chini mawe makubwa meusi, juu yake matofali mabichi yaliyoshikwa kwa mbao. Huko Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, mawe ya misingi yana matundu ya mviringo yaliyotobolewa ili vigingi vishike mbao zilizokuwa juu. Katika kisiwa cha Krete, Arthur Evans alianza kulichimba jumba la Knossos mwaka 1900, akaona dalili za mti mahali pengi katika kuta zake. Basi twaona kwamba watu wa lugha mbalimbali, waliomcha kila mmoja mungu wake, walijenga kwa ufundi ulio karibu sawa.

Kwa nini walifanya hivyo? Jiwe lina nguvu nyingi likielemewa. Waweza kuliwekea mzigo juu ya mzigo, nalo litatulia. Lakini likivutwa huku na huku, halina la kufanya. Ukuta hufunguka na kuanguka. Mti ni kinyume chake. Mti huvutwa na kupinda kidogo pasipo kukatika. Boriti ikilazwa kati ya mawe husawazisha safu, hugawa uzito, hufunga pembe za nyumba, na nchi ikitetemeka huyaacha mawe yasogee kidogo pamoja, kisha yatulie pamoja.

Na nchi zile hutetemeka sana. Bonde lipitalo Galilaya, mto Yordani na Bahari ya Chumvi ni ufa mkubwa katika ardhi, na nchi iliyo mashariki yake husogea polepole kuelekea kaskazini. Ufa huo umeungana, kwa njia ya Bahari ya Shamu, na Bonde la Ufa letu hapa Kenya. Nabii Amosi aanza kitabu chake kwa kusema kwamba alipata maono miaka miwili kabla ya tetemeko, katika siku za mfalme Uzia. Yigael Yadin, aliyechimba Hazori katika miaka ya 1950, alikuta nyumba za karne ya 8 K.K. ambazo kuta zake zimeinama na kuanguka, akaona kuwa ni kazi ya tetemeko hilo. Mwaka 2021 wachimbaji walitangaza kwamba wameona alama zake Yerusalemu pia.

Wala haya si mambo ya kale tu. Mwezi wa Agosti 1999 tetemeko kubwa liliipiga kaskazini-magharibi ya Uturuki. Wahandisi waliofika huko waliona jambo la kushangaza: nyumba nyingi za kizamani, zilizofumwa kwa mbao na matofali, zilikuwa zimesimama karibu na ghorofa za zege zilizolala chini. Kisha tarehe 6 Februari 2023, kabla ya mapambazuko, likaja jingine kusini mwa nchi hiyo na kaskazini mwa Syria. Watu zaidi ya 50,000 walikufa. Mji wa Antakya, ndio Antiokia ile ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, uliharibiwa vibaya sana. Alalakh ya Yarim-Lim haiko mbali na hapo. Serikali ya Uturuki iliwakamata wajenzi wengi, kwa maana nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa na zege hafifu na vyuma visivyotosha. Mambo yaliyofichwa ndani ya ukuta yalitokea nje siku moja.

Sasa turudi Yerusalemu. Sulemani hakuwa na mafundi wa kutosha wa kazi hiyo. Alipeleka ujumbe kwa Hiramu mfalme wa Tiro, naye akampa mierezi ya Lebanoni. Sulemani akamlipa ngano kori 20,000 kila mwaka, na mafuta. Sura ya 5 yasema kwamba waashi wa Sulemani, waashi wa Hiramu na watu wa Gebali walichonga mawe pamoja. Nyumba ya Mungu wa Israeli ilijengwa kwa maarifa ya majirani, wala Maandiko hayaoni haya kusema hivyo.

Hapa yatupasa kuwa wakweli. Hakuna jiwe la hekalu lile la Sulemani lililochimbuliwa mpaka leo. Malango makubwa ya Hazori, Megido na Gezeri, ambayo Yadin aliyahesabu kuwa ya Sulemani, yana mabishano. Tangu mwaka 1996 Israel Finkelstein na wenzake wamesema ni ya baadaye, karibu na siku za Ahabu. Wengine bado washika neno la Yadin. Tusiwaambie vijana wetu kwamba lango fulani limemaliza maneno yote. Imani isimame mahali pake, na kazi ya wachimbaji iendelee.

Lakini yako mambo mengine katika habari hii, nayo yatuhusu sana. Mierezi haikutembea yenyewe kutoka Lebanoni. Sulemani alitoza watu shokoa, yaani kazi ya lazima: watu 30,000, wakienda 10,000 kila mwezi, wakikaa mwezi mmoja Lebanoni na miezi miwili kwao. Tena walikuwako wachukuzi wa mizigo 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Hekalu lilichukua miaka 7. Nyumba ya mfalme mwenyewe ilichukua miaka 13.

Sulemani alipokufa, watu walikutana Shekemu na mwanawe Rehoboamu. Hawakuja na silaha. Walikuja na ombi moja: awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika, nao watamtumikia. Rehoboamu akaomba siku tatu. Wazee waliomshauri baba yake wakamwambia awasikilize na kusema nao kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye wakamwambia aongeze uzito. Siku ya tatu akawajibu kwa ukali. Makabila kumi yakajitenga, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa kwa mawe hata akafa. Ndiyo habari ya 1 Wafalme 12.

Tazameni jambo hili, wapendwa. Katika ua wa hekalu, mbele ya macho ya mfalme yule, ulikuwako ukuta wenye mti kati ya mawe, ukuta uliojua kusogea kidogo usije ukaanguka. Naye alipita hapo, asijifunze. Wazee walitaka kumwekea boriti kati yake na watu wake. Yeye alitaka jiwe juu ya jiwe.

Na wale waliojitenga, je, walijifunza? Omri mfalme wao alinunua mlima wa Samaria kwa talanta mbili za fedha, akajenga mji mkuu. Wachimbaji waliofanya kazi huko, kwanza mwaka 1908 hadi 1910, na tena mwaka 1931 hadi 1935, walikuta kuta za kifalme ambazo mawe yake yamekaa pamoja vizuri mno, wala hayakuhitaji chokaa katikati. Walikuta na vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochorwa kwa ustadi. Kazi nzuri kweli kweli! Lakini someni Amosi 5:11. Nabii yule yule wa tetemeko awaambia matajiri wa Israeli kwamba wamejenga nyumba za mawe ya kuchongwa, lakini hawatakaa ndani yake, kwa sababu wamewakanyaga maskini na kuwatoza ngano. Amosi hakusema mawe ni mabaya. Aliuliza yalipatikanaje.

Turuhusuni tuseme neno juu yetu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika kijiji chetu, tulijenga kanisa la mawe kwa harambee. Sisi wa kamati tulikadiria mchango, kila nyumba sawa na nyingine, na majina ya waliochelewa yakasomwa mbele ya watu kila Jumapili. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi wake wa pekee wa maziwa. Mzee mmoja alikuja kwetu jioni, akasema, "Ndugu zangu, wasio na fedha waacheni wachote maji na kubeba mchanga." Tulimjibu kwamba sheria ni moja kwa wote. Kanisa lilikwisha kabla ya Krismasi, na askofu alilisifu. Lakini nyumba nne hazikuingia humo hata siku moja, na ya mjane yule ilikuwa mojawapo. Tulimwendea baadaye, tukamwomba radhi, tukampelekea mbuzi mwingine. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Hata hivyo alifariki pasipo kukanyaga mlango ule, na kila tuonapo ukuta wa kanisa letu twamkumbuka.

Leo wengi wenu mnajenga. Mwingine ajenga nyumba, mwingine shule, mwingine kanisa, mwingine boma lake na watoto wake. Jengeni kwa mawe yaliyo imara; kanuni ni lazima ziwepo, na kazi mbaya haimpendezi Mungu. Lakini mkumbuke safu ya mti. Ikiwa uko mtu katika kamati yenu ambaye kila mara huuliza, "Na yule asiye nacho itakuwaje?", msimwone kuwa mchelewesha kazi. Ikiwa nyumbani yuko mama, au shangazi, ambaye baba akikasirika na kijana akikasirika hukaa katikati yao, mshukuruni Mungu kwa ajili yake. Huenda jina lake halitaandikwa kwenye jiwe la msingi. Na kama leo wewe ndiwe mwenye kuamua, na mtu amekuja kwako na ombi, chukua zile siku tatu kama Rehoboamu, lakini ya wazee uyasikie.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wajua tulivyojenga, na tuliowatwika mizigo. Utusamehe. Utufundishe kuwasikiliza watu wako kabla nchi haijatikisika. Amina.