Yai Darasani: Elimu ya Kujitegemea katika Nchi ya Daa
Machi 1967 Rais Julius Nyerere wa Tanzania alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe pia shamba, sera hiyo ya nchi nzima ilizihusu pia shule za Daa, upande wa Karatu, eneo lililokuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Katika shamba la shule la namna hiyo, kuku anayeatamia, yaani anayelalia mayai yake kwa siku zipatazo 21, ni somo kamili la uhai, kwani yai likimulikwa gizani, mishipa ya damu ya kiinitete, ambacho ndicho kifaranga kinachoanza kuumbika, huonekana kabla ya juma la kwanza kwisha. Urithi huo wa shule iliyo pia shamba wastahili kutunzwa, kwa kuwa mtoto aliyeushuhudia uhai ukianza hujifunza kuuheshimu.