Ulinzi wa data umeme unapokatika
Ni hatua za kuzuia faili kupotea au kuharibika kompyuta inapozimika ghafla. Mkoa wa Iringa unapakana na bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, lakini huko na Mbeya mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, na umeme hukatika.

Diski inayozunguka hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kuegesha kichwa chake salama. Kilichokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda hupotea. SSD, yaani diski isiyozunguka, iko hatarini zaidi: ramani yake ya mahali data ilipo ikikatizwa inapoandikwa, hata faili za zamani huweza kutosomeka. SSD nyingi za seva zina kapasita za kumalizia kuandika. Za kawaida mara nyingi hazina. Kwa hiyo mwenye duka la steshenari atumie dakika chache za UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kuhifadhi kazi na kuzima, asiendelee kuchapa.