Mahame ya Pwani na Usomaji wa Al-Inkishafi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, aghalabu tunapoifundisha Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, magofu ya Pate huwa ishara tu: dunia ni hadaa. Maudhui hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mahame yana historia, na mji haufi kwa sababu moja.

Chukua Pate kwenyewe. Mji huu ulineemeka kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Ulidhoofishwa na ugomvi wa kugombea utawala pamoja na uhasama wa muda mrefu na Lamu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wapate na washirika wao, Wamazrui wa Mombasa, walishindwa na Walamu katika vita vya Shela.

Gede, karibu na Malindi, ina kisa tofauti. Ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti, jumba la mtawala na vyombo vya kauri kutoka Uchina, lakini ukahamwa katika karne ya 17. Kisima cha msikiti mkuu kiliongezwa kina, dalili kwamba maji yalizidi kudidimia. Wanahistoria hutaja pia Wazimba waliofika Malindi mwaka 1589, shinikizo la Waoromo, na mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593.

Takwa, kisiwani Manda, nao ulihamwa. Hata hivyo, kwa mujibu wa masimulizi, wenyeji wake walivuka mkono wa bahari wakakaa Shela, na Washela wamekuwa wakirudi kwenye kaburi la mnara la Takwa kuomba mvua. Mji umehamwa, haukusahauliwa.

Kwa hivyo, ukiulizwa swali kuhusu muktadha wa utungo huu, tenganisha mambo mawili: kilichouangusha mji, na funzo alilolitoa mshairi. Ukiyachanganya, utaandika kwamba Pate ilianguka kwa sababu ya anasa, na hapo utakuwa umegeuza mawaidha kuwa ushahidi.

Nawe mwalimu, kumbuka kwamba huenda darasani mwako yumo mwanafunzi atokaye Pate. Kijiji kingali hai kando ya magofu hayo. Asiambiwe kwamba kwao ni mfano wa dhambi tu. Aulizwe wazee wake husimulia nini.