Adui Asiyesimama Mpakani

Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, nchini Uganda, wataalamu waliokuwa wakichunguza homa ya manjano waligundua virusi vipya katika damu ya tumbili. Kwa miaka mingi vilidhaniwa kuleta homa ndogo tu. Lakini mwaka 2015, nchini Brazil, watoto wengi walizaliwa na vichwa vidogo na ubongo uliodumaa. Mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito. Mwenezaji mkuu ni mbu, lakini mwanamume naye aweza kumwambukiza mkewe kwa kujamiiana, hata asipojihisi mgonjwa. Basi askari arejeaye kutoka penye ugonjwa huo, ambaye mkewe ni mjamzito, na atumie kondomu hadi mtoto azaliwe. Ulinzi huanzia nyumbani.